Mshona Matanga Aliyeogopa Maji

Mtu mwoga kuliko wote niliowahi kuwafahamu ndiye aliyemshonea mume wangu matanga. Sisemi kwa kumcheka. Mimi mwenyewe kwa woga sijambo, ila mimi naogopa huku nimekaza uso, nikipima maharage kama vile hakuna kitu. Yeye aliogopa hadharani, kwa mikono na miguu na macho, na hakuona haya hata kidogo.

Tulimwita Fundi tu. Alipanga chumba cha mbele cha nyumba inayopakana na genge langu hapa Milanzi, ukuta kwa ukuta, na mlio wa cherehani yake niliusikia kutwa nzima. Cherehani ikinyamaza, najua Fundi anasikiliza kitu. Ikinyamaza kwa muda mrefu, najua kuna mbwa. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui. Ukimwuliza habari za kwao alitazama mlango kwanza, kwa hiyo nikaacha kuuliza.

Mbwa aliwaogopa wote, hata vile vitoto ambavyo macho hayajafunguka. Vijana wa bodaboda wa pale kona walikuwa wanamfanyia makusudi. "Shikamoo Fundi!" Naye anajibu kwa heshima zake zote, "Marahaba, wanangu." "Fundi, nyuma yako!" Hapo mzee wa watu anaruka mpaka ndani ya genge langu, anasimama katikati ya magunia na mkasi mkononi, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mama Neema, ameshapita?" Nikiwafokea wale vijana wananiambia, "Mama, utani tu, huyu si mshikaji wetu." Mshikaji! Mtu mwenye mvi mpaka kwenye nyusi.

Radi je? Masika ya huku kwetu radi inapiga mpaka sahani zinagongana kabatini. Wengine tunafunika kioo na kuendelea na shughuli. Fundi alifunika kioo, akafunika mkasi, akafunika cherehani, kisha akajifunika yeye mwenyewe turubai la lori la mteja, na ungemkuta humo chini amekaa kama gunia lililosahauliwa. Mpira aliupenda sana, lakini ikifika penalti alizima redio. Kesho yake asubuhi anakuja gengeni, ananunua vitunguu ambavyo hana haja navyo, halafu anaulizia pembeni, "Eti jana iliishaje?"

Nikimtania alikuwa na methali yake moja, na aliitoa kila siku mpaka ikanichosha. "Kwa mwoga huenda kicheko, Mama Neema, kwa shujaa huenda kilio." Anasema hivyo, anauma uzi kwa meno, anarudi kwenye kazi.

Utauliza, matanga Sumbawanga ya nini, huku juu kwenye mahindi na ulezi na baridi ya kupasua midomo? Ni hivi. Fundi alikuwa mshonaji wa maturubai. Turubai la lori, la kibanda cha sokoni, la harusi, la msiba, yote alishona yeye. Watu wa ziwani, wale wa Kasanga na Kirando, wanapanda huku kununua mahindi, na mmoja wao siku moja alimwuliza kama anaweza kukata tanga la mtumbwi wake. Akalikata. Likaenda vizuri. Wakaanza kuja wengine. Kule chini mlima umekaribia maji, pa kutandika kitambaa kikubwa ni shida, mara mchanga, mara mawe, mara samaki wameanikwa. Huku kwetu nafasi ndiyo mali yetu. Fundi aliazima uwanja wa kupuria ulezi, ule uliosiribwa ukawa mgumu kama sakafu, anaufagia mwenyewe, anatandika kitambaa, anatambaa juu yake kwa magoti kutwa nzima.

Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuliona ziwa. Hata mara moja. Alisema maji mengi mahali pamoja si jambo la kuaminika.

Sasa, mtu asiyeliona ziwa anajuaje tanga lake litavuta kiasi gani? Alikuwa na njia yake. Nyuma ya Milanzi kuna kilima kitupu ambacho kipupwe kikianza kofia haikai kichwani. Pale juu Fundi alisimika nguzo ya mkaratusi. Tanga likikamilika analipandisha kwenye nguzo, na ile kamba ya kona ya nyuma, ambayo ziwani nahodha ndiye anaishika, yeye anaifunga kwenye gunia la mahindi. Kisha anajificha nyuma ya kichuguu. Gunia likiinuka au likiburuzika, tanga ni kubwa, linashushwa na kupunguzwa. Gunia likitulia, tanga ni la mwenyewe, aje alichukue. Magunia aliazima kwangu, na mara kadhaa yalirudi yamepasuka, nikamfokea mpaka sauti ikanikauka.

Watu wa ziwani walikuwa na sifa moja juu ya kazi yake na lawama moja. Sifa ni kwamba matanga yake yana nguvu. "Yanavuta kuliko tulivyotarajia, Fundi," walimwambia, naye alicheka kidogo na kutazama chini. Lawama ni kwamba yanachanika. Yote mahali pamoja, mshono wa juu, karibu na ncha. Kuna mvuvi mmoja alikuja amefura, akamtupia tanga miguuni, akamwambia kazi yote nzuri, kwa nini mshono mmoja ni wa ovyo? Fundi akaomba radhi na kushona upya. Msimu uliofuata likachanika palepale. Mimi nilidhani ni uzee tu, mkono unachoka ukifika juu.

Mume wangu, Baba Neema, ni mtu wa Kasanga. Maji ndiyo yaliyomlea. Mimi ni mtoto wa Kaengesa, sisi maji tunayajua ya ndoo. Tangu anioe, kila akishuka ziwani tumbo langu linakaza, na halilegei mpaka nisikie viatu vyake mlangoni. Nilimzoea yeye, huo woga sikuuzoea. Nilifungua genge huku juu makusudi ili angalau niwe mbali na ule mlio wa mawimbi, na yeye akawa mtu wa kupanda na kushuka.

Halafu ikaja ile boti.

Mwenye boti alikuwa tajiri wa malori. Aliiona boti hiyo mahali fulani mbali, akaipenda, akaileta juu ya lori kupitia Tunduma, watoto wakiifuata barabarani. Haikuwa mtumbwi wala boti ya mbao za kwetu. Ilikuwa nyembamba, ndefu, nyeupe, ndani ina vitanda na jiko na meza ya kukunja, na chini ina mkuku, yaani upanga mzito wa chuma unaozama majini kuizuia isilale. Alitaka awachukue watalii kutoka Kasanga mpaka Kipili kwa upepo mtupu, walale humo humo, na afike kabla ya boti zote. Ila matanga yake yalikuwa yameliwa na panya huko ilikotoka. Akamtafuta nahodha, akampata Baba Neema. Akamtafuta mshonaji, na mshonaji alikuwa jirani yangu.

Kwa kuwa Fundi alikataa kushuka kupima, Baba Neema alimletea vipimo kwa kamba. Boti ya namna ile ina vipimo vinne vya matanga, na kila kipimo kilikuwa na kamba yake. Kamba ya kwanza ni kimo cha tanga kubwa likipanda mlingoti. Ya pili ni urefu wa ule mti wa chini unaolitandaza tanga kuelekea nyuma. Ya tatu ni kutoka sakafu ya boti mpaka pale juu waya wa mbele unapofungwa, na ya nne ni kutoka mlingoti mpaka ncha ya mbele. Hizo mbili za mwisho ni za tanga dogo la mbele. Fundi alizitundika kamba zote nne kwenye misumari ukutani, na kila asubuhi alizitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Nyaya za kushikilia mlingoti ni ngapi?" alimwuliza Baba Neema.

"Mmoja mbele, mmoja nyuma, na mbili kila ubavu."

"Zimekazwa?"

"Zimekazwa, Fundi."

"Kaza tena. Tanga linavuta, waya unakataa. Katikati yao ndipo unapokaa wewe." Kisha akanigeukia mimi. "Ndipo anapokaa huyu wako, Mama Neema."

Nyie! Nilikuwa nachambua maharage, nikajikuta nachanganya mawe na mbegu. Siku nzima nilikuwa namwona mume wangu amekaa katikati ya vitu viwili vinavyogombana.

Kwenye kilima aliweka magunia mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu ya ukubwa wa tanga. Upepo ulipiga, tanga likavimba, nguzo ikapiga kelele. Magunia hayakutikisika. Mwenye boti alikuwepo, amevaa koti la ngozi, akasema, "Si unaona? Ongeza kimo. Mlingoti nitaurefusha." Nilimtazama Fundi nikijua atakataa. Mtu anayekimbia vitoto vya mbwa! Lakini aliyaamini magunia kuliko alivyojiamini mwenyewe. Akaniambia, "Hayajainuka, Mama Neema. Yakiwa hayajainuka, nafasi ipo." Akaongeza kitambaa. Akapima tena. Hayakuinuka. Mwenye boti akafurahi kama mtoto.

Baba Neema alipokuja kulichukua alilikagua mshono kwa mshono, maana ndiye atakayelala chini yake. Akafika juu.

"Fundi, huu uzi mbona mwembamba?"

Fundi akakohoa. "Huo wa juu haubebi kitu, nahodha."

"Kitu au si kitu, urudie. Weka uzi wa nguvu."

"Nitaurudia."

Mchana ule niliisikia cherehani ukutani, inakwenda taratibu, mshono mrefu, mpaka mwisho. Nikasema moyoni, afadhali.

Siku ya kuizindua boti, tajiri alimtumia Fundi gari, pikapu na dereva, akitaka awepo apigiwe makofi. Fundi akasema anaumwa. Akasema ana msiba. Nikamwambia, "Unataka ufe hujaliona ziwa, nawe unakula kwa maji yake? Twende, nitakaa karibu yako." Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyetaka mtu wa kukaa karibu yangu. Mwisho alipanda. Nadhani alimwogopa tajiri kuliko alivyoyaogopa maji.

Tulikaa mbele sote watatu, mimi katikati. Pale Matai dereva akatununulia maji ya chupa. Fundi alikunywa yake yote kwa hofu, akafunga kifuniko vizuri kama anavyofunga kila kitu, akaishika chupa tupu mapajani. Tukapita mashamba yaliyovunwa, tukaanza kuteremka kuelekea Kasanga. Masikio yakaziba. Na lile ziwa likatokea huko chini, la buluu, halina mwisho, nikasikia mkono wa Fundi umenishika kitenge.

Halafu ile chupa ikalia. Ka!

Tukaitazama. Ubavu umebonyea. Tulivyozidi kushuka ikabonyea na upande wa pili, ikajikunja yenyewe mikononi mwake, na hakuna aliyeifinya.

"Nani anaibana?" Fundi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona kitu usiku.

Dereva akacheka. "Hewa hiyo, mzee. Huku chini hewa ni nzito. Uliifunga na hewa ya kule kwenu, nyepesi. Kila siku huwa hivyo."

Fundi hakucheka. Aliishika ile chupa, anaigeuza, anaigeuza. Akasema polepole, "Mama Neema, gunia nililipima kule juu."

"Ndiyo."

"Kwa upepo wa kule juu."

Sikuelewa. Akanishika bega kwa nguvu, yeye ambaye hajawahi hata kunishika mkono. "Upepo wa huku ni mzito! Miaka yote wananiambia yanavuta kuliko walivyotarajia, na mimi nacheka! Mitumbwi yao ni mizito, imevumilia. Ile ni nyembamba. Nimeliongeza kimo, Mama Neema. Mimi mwenyewe nimeliongeza!"

Nikachukua simu. Namba unayopiga haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Baba Neema akiwa majini simu anaifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka chini ya kitanda cha boti, najua, mimi ndiye niliyemfundisha. "Endesha," nikamwambia dereva. "Endesha, baba, nakuomba." Akaendesha, na kila kona nilikuwa naliona ziwa mara kushoto mara kulia, na mara moja nikaona kitu cheupe juu yake, kama unyoya.

Tulipofika ufukweni boti ilikuwa imeshatoka. Watu wamejaa, ngoma inalia, tajiri amesimama juu ya kreti ya soda. Boti ilikuwa mbali kidogo, tanga limesimama refu, zuri, Mungu nisamehe, zuri kweli. Humo walikuwa Baba Neema na mabaharia wawili, na mlango wa chumba cha chini waliuacha wazi ili watu waone kitambaa kipya cha vitanda.

Fundi alitoka garini akakimbia. Hakukimbilia nyuma, alikimbilia majini. Yule mzee aliingia ziwani na viatu vyake mpaka magotini, mpaka mapajani, akavua koti, akalipunga kwa kulishusha chini, chini, chini. "Shusheni! Shusheni tanga!" Ngoma ilimmeza. Watu wakaona fundi anashangilia kazi yake, wakapiga vigelegele. Na Baba Neema kule mbali alimwona, nikamwona anainua mkono kujibu, halafu akaivuta kamba akalikaza tanga zaidi, ili tuone mwendo.

Upepo wa pale hushuka kutoka mlimani bila hodi. Niliuona ukija juu ya maji, mkunjo mweusi. Nikaingia majini na mimi, nikasimama ubavuni mwa Fundi. Boti ikalala. Ikalala tena, mpaka nikaona tumbo lake, mpaka ule upanga wa chini ukameremeta hewani na ncha ya mlingoti ikawa inatafuta maji. Ngoma ikanyamaza. Maji yalikuwa yanaingia kwenye ule mlango. Nilikuwa nasema "Baba Neema, Baba Neema," kwa sauti isiyotoka.

Ubavuni mwangu Fundi naye alikuwa ananong'ona. Nikadhani anasali. Nikasikia neno moja tu analirudia, macho ameyakaza kule juu ya tanga. "Fumuka. Fumuka. Fumuka basi."

Likafumuka. Tulisikia mlio mpaka ufukweni, mrefu, kama kanga inayopasuliwa. Ncha ya juu ya tanga ilijitenga na kipande cha chini kwa mshono mmoja ulionyooka, ikabaki inapepea kama leso. Na boti, polepole, kama mtu anayeamshwa, ikainuka, inamwaga maji pande zote. Walirudi na kile kipande cha chini kilichobaki. Mimi nilikuwa nimekaa majini, sijui kwa muda gani.

Unadhani walimshukuru? Baba Neema alishuka amelowa, na hofu yake yote imegeuka hasira. Alilishika lile tanga lililochanika akalitupa mbele ya Fundi. "Nilikwambia urudie! Umetaka kuniua! Na watalii wangu wangekuwemo je?"

Fundi akasema, "Nahodha, tanga lilikuwa kubwa. Nimekosea kipimo. Hewa ya huku—"

"Hewa!" Watu wakaangua kicheko. Tajiri akasema kuanzia leo fundi huyu asimkatie mtu wa ziwani hata mfuko. Nikamwambia Baba Neema boti ilikuwa inazama, tumeona kwa macho yetu. "Ilikuwa imelala kidogo tu," akanijibu. "Ningeiinua. Uzi ndio ulioniaibisha." Na mpaka leo ndivyo anavyoamini.

Tukarudi na pikapu ileile. Fundi alikuwa amelowa, amekumbatia ile chupa iliyokunjamana. Tulivyopanda mlima ikaanza kujinyoosha, ka, ka, mpaka ikawa nzima kama ilivyonunuliwa. Hapo ndipo aliponiambia, bila kunitazama.

"Kila tanga langu lina mshono mmoja wa uzi wa pamba, ule mwembamba. Naweka juu, kwa sababu juu ndipo tanga linapoilaza boti. Upepo ukizidi, unakatika huo kabla ya mtu kufa. Cha chini kinabaki, kinamrudisha nyumbani."

"Lakini nilisikia ukirudia! Nilisikia cherehani!"

"Nilishona bila uzi," alisema. "Niliogopa kuurudia. Nikaogopa na kumwambia."

Nikamwuliza kwa nini asiwaambie watu, wamheshimu badala ya kumtukana. Akatikisa kichwa. "Nahodha akijua tanga lake lina huruma, atalijaribu kila siku. Na siku moja uzi utakuwa umechoka, au utakuwa mpya mno. Waache wanitukane. Usimwambie mumeo, Mama Neema."

Sikumwambia. Ndoa nzima tunaambiana hata bei ya dagaa, lakini hilo sikumwambia.

Watu wa ziwani hawakuja tena kwa Fundi. Alishona sare za shule na maturubai ya misiba. Nguzo ya kilimani ilikatwa kuni. Macho yake yakaanza ukungu, akawa anawasalimia mbwa akidhani ni watoto, na vijana wa bodaboda wakaacha kumtania. Siku hizi wanamvusha barabara.

Tajiri aliagiza matanga mengine kutoka nje. Kimo ni sawasawa, hilo sikatai, wametengeneza watu wanaojua. Lakini uzi wake! Nimeujaribu kwa meno, haukatiki. Baba Neema anajisifu kwamba hata tembo hawezi kuyachana. Na tangu ayapate amekuwa jasiri. Anatoka hata siku ambazo mabaharia wenzake wanakaa wanakunywa chai na kulitazama ziwa. Mimi huku juu nimekaza uso napima maharage, na tumbo halilegei hata akirudi, maana najua atashuka tena.

Masika haya boti ilipumzishwa, na tanga kubwa likaletwa kwangu lilale stoo na maharage, kule Kasanga panya ni wengi. Jana Baba Neema alikwenda Kaengesa, kumzika mjomba wangu kwa niaba yangu. Nilimwambia mgongo unauma. Alipopotea kona nililikokota lile tanga mpaka kwa Fundi, nikalitandika sakafuni, likajaa chumba mpaka chini ya kitanda.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeleta nini, mbona pananukia ziwa?"

Nikamshika mkono, nikauweka juu ya kitambaa. Hakuuliza tena. Alitambaa kwa magoti kama zamani, vidole vinasoma mishono mmoja mmoja, mpaka akafika juu. Akakomea pale. Akanionyesha pa kufumua, nikafumua kwa wembe, kazi ya asubuhi nzima. Kisha akatoa kwenye kopo lake kibunda cha uzi wa pamba na sindano, akajaribu kuutunga. Akakosa. Akajaribu tena. Jicho halikuona tundu. Akanipa mimi.

"Fundi, mimi najua kushona vifungo tu. Nikikosea je? Ukikatika mapema? Usipokatika?"

Aliinamisha kichwa upande wa mlango, kama kawaida yake.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Fundi. Naogopa sana."

"Basi shona."

Nikashona.